Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipokuwa mdogo kule Majengo, Mombasa, nilidhani methali hii ni ya kufukuzia watu. Akija mjomba kutoka shamba akapitisha wiki, utawasikia watu wazima wakiirusha hewani kana kwamba hawamsemi mtu. Basi nikakua nayo hivyo hivyo, methali ya uchoyo. Ilinibidi niizunguke dunia katika meli ya watalii, trei mkononi na tai shingoni, ndipo nikajua ina maana nyingine. Na aliyenifundisha si nahodha wala meneja. Ni Mama.

Mama yangu anauza mahamri na mbaazi. Ameuza hapo hapo barazani kwetu tangu mimi sijazaliwa. Saa kumi za alfajiri yuko kwenye karai la unga, saa kumi na mbili wateja washajipanga. Na wateja wa Mama hawaulizwi kitu. Mzee fundi wa baiskeli akichomoza tu kwenye kona, Mama ashamtilia mbaazi za tui zito, mahamri mawili ya kula na moja la kufunga kwenye gazeti, la mjukuu. Mwalimu wa madrasa, chai ya rangi yenye tangawizi nyingi. Yule kijana wa tuktuk, mbaazi kavu kavu, hapendi mchuzi. "Mtu ukimuuliza kila siku anakula nini," Mama alikuwa akisema, "ni kama kumuuliza jina lake kila siku."

Kwa hivyo nilipomaliza kozi yangu ya hoteli nikapata mkataba wa kwanza wa melini, mwaka 2018, sikuwa na wasiwasi. Kuhudumia watu? Kazi hiyo si nimezaliwa nayo!

Meli yenyewe ilikuwa ya safari fupi. Tulikuwa tukitoka Miami Ijumaa jioni, tunakwenda Bahama, tunarudi Jumatatu asubuhi. Jumatatu hiyo hiyo jioni tunatoka tena, tunarudi Ijumaa. Usiku tatu, usiku nne, usiku tatu, usiku nne, kama pendulamu ya saa ya ukutani. Biashara hii si ya jana. Meli iitwayo Sunward ilianza safari za namna hii kutoka Miami mwishoni mwa mwaka 1966. Na kwa nini Bahama? Kwanza ni karibu, Nassau ni kama kilomita 300 tu kutoka Miami. Pili kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria baina ya bandari za Marekani zenyewe. Meli nyingi za starehe zimepeperusha bendera za nchi nyingine, kwa hivyo lazima ziguse nchi ya kigeni, na Bahama ndiyo hiyo hapo mlangoni.

Sasa chakula. Nisije nikasingizia, chakula chetu hakikuwa kibaya. Mgeni anaingia saa sita mchana, bafe imemngoja: nyama, kuku, samaki, saladi za rangi zote, keki zimepangwa kama maduka ya dhahabu. Usiku wa kwanza kamba, steki, na keki ya chokoleti ya moto ambayo ukiitia kijiko inatoa mchuzi. Watu wanapiga picha. Usiku wa pili ndio wa kuvaa vizuri. Usiku wa tatu tunaimba, tunapunga leso za meza hewani, wageni wanapiga makofi, kwaheri. Ijumaa inaanza upya: kamba wale wale, steki ile ile, wimbo ule ule. Mkataba wangu ulikuwa wa wiki 30. Safari mbili kila wiki, ni safari 60. Kila safari nilihudumu meza za watu 48, kwa zamu mbili za chakula cha jioni. Piga hesabu mwenyewe: watu 2,880. Wallahi, kati yao sikumbuki sura kumi.

Siku ya kubadilisha wageni ndiyo ilikuwa kiama chetu. Kufikia saa nne asubuhi abiria wa mwisho anateremka, saa sita wa kwanza wapya wanapanda. Katikati hapo vitanda elfu na zaidi vinatandikwa upya, na gatini mashine zinapakia viazi, mayai, nyama na maziwa. Kisha kuna zoezi la usalama, la kuwaonyesha abiria maboya na njia za kutokea. Baada ya Costa Concordia kuzama nusu pale kisiwani Giglio, Italia, Januari 2012, na watu 32 kufa, kanuni za kimataifa zilikazwa: tangu mwaka 2015 zoezi hilo hufanywa kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Meli ya safari ndefu inafanya hivyo mara moja, kisha huwarudia waliopanda njiani. Sisi mara mbili kwa wiki. Na wakaguzi wa afya wa Marekani wanaweza kutokea bandarini bila kubisha hodi, wakafungua kila friji na kila droo. Meli hupewa alama juu ya 100, na ikipata 85 au chini ya hapo imeanguka. Wakitokea, hata mpishi mkuu husahau jina lake.

Mkataba wa kimataifa wa mabaharia unasema mtu apumzike saa zisizopungua kumi katika kila saa 24. Lakini unaruhusu saa hizo zikatwe vipande viwili, mradi kimoja kisipungue saa sita. Sisi tuliishi kwenye vile vipande. Tabasamu langu la usiku wa kwanza, mwenzangu, lilikuwa la mtu aliyeamka dakika ishirini zilizopita.

Nitakueleza kisa kimoja, maana hicho ndicho kilichonifungua macho. Meza yangu moja walikaa mzee na mkewe. Usiku wa kwanza mzee akaagiza steki, akaikatakata, hakula. Usiku wa pili samaki, hakula. Mimi nafika, nauliza, "Umemaliza, bwana?" Anatikisa kichwa, natabasamu, nabeba. Usiku wa tatu, leso zishapungwa, yule bibi akanishika mkono akaniambia mumewe ana shida ya kumeza. Supu tu ndiyo angeiweza. Lo! Nyuma ya ukuta ule, hatua kumi kutoka kiti chake, kulikuwa na sufuria za supu za kuogea mtu. Nikamuuliza mbona hamkuniambia? Akasema, bila ubaya wowote, "Nyote mlionekana mna haraka sana."

Asubuhi wakateremka. Adhuhuri kiti cha mzee kikakaliwa na kijana mwenye fulana ya mpira. Kosa halikuwa la mzee, na kusema kweli halikuwa langu lote. Siku tatu ni fupi. Ndizo siku za kuona sahani, hazitoshi kumwona mlaji.

Mkataba wa pili, Januari 2019, nikahamia meli ndogo zaidi, abiria kama 700, safari ya kuizunguka dunia: kutoka Southampton, Uingereza, na kurudi Southampton baada ya siku 108. Nayo ni desturi ya zamani. Laconia ilichukua watalii kuizunguka dunia kutoka New York mwaka 1922, ikarudi mwaka uliofuata. Huko wageni wangu walikuwa 36, meza zile zile, viti vile vile, toka mwanzo hadi mwisho. Mkuu wetu wa ukumbi, mzee mmoja wa Goa aliyeanza bahari kabla sijazaliwa, alinipa kijidaftari cha mfukoni. Akasema, "Siku kumi za kwanza, andika. Zinazobaki, usiulize tena."

Nikacheka moyoni. Huyu na Mama hawajuani, lakini wamesoma chuo kimoja.

Basi siku mbili za kwanza zilikuwa kama Miami: picha, makofi, kamba. Siku ya tatu mambo yakageuka. Wageni waliacha kupiga picha sahani, wakaanza kulalamika. Supu ina uvuguvugu. Mkate wa leo si kama wa jana. Viazi vimeiva kupita kiasi. Mwanzoni niliumia, nikidhani tumeshindwa kazi. Baadaye nikaelewa: yalikuwa malalamiko ya mwenye nyumba. Kule safari fupi hakuna aliyelalamikia viazi, ataonana navyo wapi tena? Hapa mtu atakula viazi vyetu miezi mitatu, basi anataka vimjue. Na jikoni nako walikuwa wakisikiliza. Mpishi aliyesemwa Jumanne alikuwa na Jumatano ya kujirekebisha, tena mbele ya aliyemsema. Kule Miami aliyekosewa alikuwa ameshafika kwake, na kosa likapakuliwa upya kwa mwingine.

Wala usidhani safari ndefu ni karamu ya kila siku. Kutoka Panama mpaka visiwa vya Marquesas, katikati ya Pasifiki, tulikwenda kama siku tisa bila kuona nchi kavu. Kwanza yakaisha majani mabichi ya saladi, kisha matunda laini laini, ndizi zikageuka nyeusi zote kwa mpigo. Tukabaki na kabichi, karoti, vitunguu na mapapai magumu. Kwa macho, meza zetu zilikuwa duni kuliko bafe yoyote ya Bahama. Lakini hapo ndipo watu walipokula vizuri. Kamba walishawachoka. Walitaka uji, yai la kuchemsha, viazi vya kuponda, mkate wa kuchoma usioungua. Mpishi mkuu alitoka jikoni akazunguka meza kwa meza akiuliza, "Kwenu hupikaje?" Nikiulizwa leo na kijana wa mtaani meli ipi ina chakula bora, namjibu kwamba fupi ina sahani nzuri na ndefu ina watu wanaokujua. Kwa bei, achague mwenyewe.

Meza ya 14 alikaa bibi mmoja Mwingereza, mjane, umri wake miaka 81. Ukurasa wake katika kijidaftari changu ulikuwa hivi: "Kisukari. Chai ya maziwa, bila sukari. Tunda nusu. Akishajidunga dawa asicheleweshewe chakula. Akinyamaza ghafla, jasho likamtoka, juisi ya machungwa UPESI." Usiku mmoja, tuko karibu na Australia, nikiwa meza ya mbali, nilimwona amenyamaza. Mwingine angesema amechoka. Niliiacha trei nikakimbilia juisi, nikamfikishia kabla wenziwe mezani hawajagutuka. Alipopata nafuu alinishika mkono akasema, "Mama yako alikulea vizuri." Wallahi siku ile kifua changu kilikuwa hakienei kwenye shati.

Mwishoni mwa Machi tukitoka Shelisheli tukaingia Kilindini.

Sijui nikuelezeje, msomaji, kuiona Mombasa kutoka sitaha ya juu, umevaa sare. Wageni wangu walinipigia makofi kwenye chai ya asubuhi. Mkuu wa ukumbi akanipa ruhusa kuanzia saa tano, nirudi saa kumi bila kukosa. Nikapanda tuktuk na boksi kubwa la chokoleti, zile nzuri za Ubelgiji, nilizonunua kwenye duka la mabaharia. Nyumbani Mama amekaa mlangoni ananingoja. Nikaketishwa kwenye kiti cha mkono. Feni ikageuziwa kwangu. Zikatolewa sahani za maua, zile za kabatini, ambazo sisi watoto tulikuwa tukipigwa tukizigusa. Pilau ya nyama, kachumbari, ndizi, juisi ya ukwaju yenye barafu. Mama hakuketi. "Kula, mwanangu. Mimi nshakula." Anasimama, anaongeza, anapeperusha nzi. Nikala sahani tatu, kama mgeni wa Ijumaa.

Nikampa boksi lake. Akacheka, akalifungua, akatia moja mdomoni. "Tamu, mwanangu. Tamu kwelikweli." Akaniuliza kama gatini tulikaa sana, kama huko tulikotoka kuna baridi, kama meli inayumba. Maswali ya kumuuliza mgeni. Miguu yake aliifunika kwa leso. Nililiona hilo, halikuniambia kitu. Akaingia jikoni, akarudi, tukapiga picha, saa tisa ikagonga.

Dada yangu akanisindikiza hadi barabarani. Hapo, akiwa amekwishasimamisha tuktuk, ndipo aliponiambia. Mama ana kisukari, mwaka sasa. Anakwenda kliniki kila mwezi. Mguu wa kushoto una kidonda kisichotaka kufunga.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza. Nikajisikia nikiuliza. Maneno yale yale ya kule Miami.

"Alikataa. Alisema wewe ukipiga simu una dakika tano za raha, akuharibie za nini?"

"Na ile chokoleti?"

Dada akaangalia pembeni. "Aliitema jikoni. Nimeikuta kwenye karatasi. Usimwambie kwamba nimekwambia."

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, niko ukumbini, tai imenyooka. Bibi wa meza ya 14 akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikamjibu, "Hajambo, asante," kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia usiku wa kwanza wa safari fupi. Baadaye kitandani nilikitoa kijidaftari. Watu 36. Nani anapenda yai laini, nani hali kitunguu, nani mumewe alifariki Desemba asiulizwe habari za Krismasi. Mama hakuwa na ukurasa. Miaka miwili nilikuwa nikienda kwetu kama waendavyo wale wageni Nassau: nateremka, nalishwa, napiga picha, narudi melini kabla haijang'oa nanga. Na Mama, fundi wa kumjua mlaji, alinipa nilichokuja kukitafuta. Alinipa safari fupi.

Tukapita Durban na Cape Town, mwishoni mwa Aprili tukafika Southampton. Bibi wa 14 alilia akinikumbatia, nami nikalia, na kilichokuwa kikiniliza nilikijua mwenyewe. Walinipa mkataba mpya nisaini. Nikasema nitawajibu, nikapanda ndege.

Siku ya kwanza nyumbani: pilau, sahani za maua. Siku ya pili: biriani, feni kwangu. Mguu haukutajwa, nami nikanyamaza. Siku ya tatu nikalala mpaka saa nne. Nilipoamka hapakuwa na harufu ya mchele wala viungo. Mezani kulikuwa na kikombe kile cha bati kilichobanduka mdomo, muhogo wa kuchemsha na kiporo cha mbaazi, vimefunikwa kawa. Hakuna aliyesimama kunipepea. Sauti ikanijia kutoka barazani:

"Umeamka, balozi? Makaa yamekwisha. Na karai linavuja, lipeleke kwa fundi."

Sikumbuki kama niliwahi kufurahi namna ile kwa ajili ya gunia la makaa. Nilipolitua chini, Mama alikuwa amekaa mkekani na beseni la maji ya vuguvugu. Hakusema kitu. Aliiondoa leso akanyoosha mguu, akanikabidhi pamba. Nikafahamu kwa nini jembe hutangulia. Mgeni haonyeshwi kidonda. Kidonda huonyeshwa mtu wa nyumbani, uliyekwisha kumtuma makaa.

Nilimsafisha kama alivyonielekeza, polepole. Nikamuuliza chai yake siku hizi huinywaje. "Kavu," akasema. "Na hiliki. Hiliki inaidanganya roho." Mkataba wa melini ulikuwa bado mfukoni, na kalamu ninayo. Nikauacha humo humo.

Alfajiri ya siku ya nne, saa kumi, niliamshwa kwa kidole cha mbavuni. Nikakanda unga hadi mikono ikafa ganzi. Kulipopambazuka mzee fundi wa baiskeli akachomoza kwenye kona, mkongwe zaidi kuliko nilivyomwacha. Nikamtilia mbaazi. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Huyo siku hizi hataki tui. Daktari kamkataza. Na lile la gazetini ongeza liwe mawili, mjukuu kaolewa."

Nikapunguza tui, nikafunga mawili. Kesho yake sikuuliza.